Risasi ya Pua Butu

Nguruwe mwitu walikuwa wamekula nusu ya mahindi yangu, nikamwita mume wa mdogo wangu. Watu humwita Komando. Ana bunduki, leseni na mdomo, ila mdomo ndio anaoutumia zaidi.

Duka la silaha tulikwenda pamoja. Huyu ukimtuma chumvi hurudi na kofia.

Muuzaji akaweka risasi mbili juu ya kaunta. Moja nene, pua butu. Nyingine ndefu, imechongoka, na kitakoni imebanwa kidogo.

"Hii iliyochongoka inapasua hewa," akasema. "Na kwa vile nyuma ni nyembamba, hewa haiivuti sana. Inafika mbali na kasi yake, hata upepo hauisumbui sana. Hii butu inasukuma hewa kama mnene anayelazimisha kupita mlango wa harusi. Karibu inaua vizuri. Mbali inachoka, inashuka."

"Kumbe hata kwa risasi, makalio yana kazi!" nikasema.

Muuzaji akakohoa, akamgeukia Komando. "Mzee, wewe unapiga ukiwa umbali gani?"

Komando akatupa jicho nyuma. Alishatangaza kila kona kwamba humsogelea nguruwe mpaka ahesabu kope zake. Mimi najua hupigia kilimani, bonde zima katikati, mguu mmoja tayari kukimbia. Lakini nyuma yetu walisimama wenzake wa kijiweni, masikio wima.

"Karibu," akasema, akachukua butu.

"Shemeji, chukua iliyochongoka. Sifa hazisagiki unga."

"Dada, haya mambo ya wanaume."

Haya. Asubuhi yake akalala kifudifudi kilimani, akafyatua. Vumbi likaruka mbali kabla ya shamba. Nguruwe mmoja akainua kichwa, akatazama, akaendelea kutafuna mahindi yangu. Ya pili nayo ikaishia njiani.

"Bunduki imepinda," akanong'ona.

"Kilichopinda ni wewe. Umenunua ya karibu, twende karibu."

Nikamshika ukosi, tukateremka upepo ukitupiga usoni, nguruwe asitunuse. Tulipofika kwenye mistari ya mwisho ya mahindi, Komando alikuwa anatetemeka kama kifuniko cha sufuria. Akafumba jicho moja. Nadhani na la pili. Paa!

Nguruwe akaanguka. Komando naye akaanguka, chali, miguu juu, akabingirika na kulaza mahindi ambayo nguruwe hakuwa hata ameyanusa.

"Nimempata! Dada, umeona?"

"Nimeona, simba wangu. Sasa inuka polepole. Hayo uliyoyalalia ndiyo niliyokuitia."