Petroli Iliyobaki Kwenye Reli

Petroli ilipenya kwenye ufa wa kidole gumba. Jemutai akauma mdomo, akaendelea kusugua. Nozeli za injini alizioshea kwenye beseni la mtungi wa plastiki uliokatwa katikati, kila moja ndogo kama kidole cha mtoto. Akimaliza moja huipuliza kwa hewa ya kompresa, kisha huitazama mdomo kwenye mwanga. Tundu zake si za kuonekana kwa macho. Hujulikana kwa vile zinavyotema. Nozeli nzima hutema ukungu, kama pumzi ya mtu asubuhi ya baridi ya Molo. Mbovu hudondosha matone, gari likakohoa, likanywa petroli kama lililolaaniwa.

Lakini leo macho yake hayakuwa kwenye nozeli. Yalikuwa ng'ambo ya gereji, kwenye benchi la mashine ya kusoma hitilafu za magari.

Pale aliketi Kimberly. Kimberly wa chuo, aliyekuja na cheti, na bosi Kosgei akakitundika ukutani hata kabla hajamwonyesha mahali pa kuweka mkoba. Alizaliwa hapa hapa Nakuru, na maji ya mji yalikuwa yameyatia meno yake rangi ya chai. Hata meno hayo Jemutai aliyaonea wivu. Kimberly akicheka, bosi naye alicheka.

Benchi lile Jemutai alikuwa amelingoja tangu siku za mzee Nasir, fundi aliyemfundisha kazi hii kabla hajarudi kwao pwani na kifua kibovu. Shule yake ilikomea darasa la nane huko Keringet. Karo ya sekondari ilitosha mtoto mmoja, na huyo alikuwa kaka yake. Kosgei alikuwa amemwambia, "Ngoja kidogo, msichana wangu. Mashine ikija, ni yako." Mashine ikaja. Halafu ikaja habari kwamba kampuni moja ya maua inatafuta gereji ya kutunza pikapu zake, na inataka mtu mwenye cheti. Ndipo akaja Kimberly.

"Sasa hii gari yangu shida ni nini?" mwenye Probox aliuliza. Alikuwa na safari ya Ravine, na kila mara alitazama barabara.

Kimberly akamweleza bila haraka. "Pampu iko ndani ya tangi, boss. Inasukuma petroli ipite kwa chujio, ikuje mpaka kwa hii bomba hapa juu ya injini, tunaita reli. Reli inagawia nozeli. Sasa kuna kompyuta. Sensa zinaiambia hewa imeingia kiasi gani, injini imeshika moto kiasi gani, moshi unatoka aje. Yenyewe ndiyo inaamua nozeli ifunguke muda gani. Yako moja haifungi vizuri, inamwaga."

Jemutai alisikiliza neno kwa neno, akitafuta kosa. Alingoja achanganye sensa hii na ile. Hakuchanganya. Kila alichosema kilikuwa hivyo hivyo alivyosema mzee Nasir, ila kwa huyu kilitoka kimenyooka kama nguo iliyopigwa pasi. Roho ikamchoma.

"Jemu, funga mdomo, nzi itaingia," Kipsang, mnyoosha mabodi, alimrushia huku akigonga bati. "Huyo ni wa benchi. Wewe ni wa beseni."

"Gonga bati yako."

"Nagonga. Wivu haina dawa kwa chemist, nakuambia."

Kimberly akaja, akachuchumaa kando ya beseni. "Siste, ile kitu mnasemanga kiu, nifunze. Chuoni kila mtu alikuwa anafanya peke yake."

Jemutai hakuinua uso. "Ukizima gari, petroli inabaki kwa reli na nguvu yake. Ukifungua hivyo, inakurukia. Kwa hivyo mmoja anatoa fyuzi ya pampu, anawasha injini ikunywe yenye imebaki mpaka izime yenyewe. Ikizima anaita kiu. Ndio mwenzake anafungua. Usiposikia kiu, usiguse."

"Na nani alianzisha?"

"Mzee alikuwa hapa."

"Poa sana. Asante, siste."

Angalau angeringa, Jemutai aliwaza. Mtu anayeringa ni rahisi kumchukia.

"Jemutai, fyuzi!" Kosgei aliita, simu ikiwa sikioni. "Kimberly, toa reli. Mteja ako na haraka."

Injini ilikuwa imezimwa punde tu, reli bado imejaa nguvu. Jemutai akaingia upande wa dereva, akainama chini ya usukani, akabandua kifuniko cha fyuzi. Boneti ilikuwa wazi. Kupitia upenyo uliokuwa chini yake aliiona mikono ya Kimberly ikishika spana, na tumbo la Kosgei likiwa karibu.

"Tukipata hawa watu wa maua," Kosgei alikuwa akimwambia, "nakupeleka training Nairobi. Wewe ndio utakuwa unasimamia hawa wote."

Kidole cha Jemutai kikasimama juu ya fyuzi. Hawa wote. Yeye ndiye hawa wote.

"Kiu?" Kimberly aliuliza.

Jemutai akanyamaza. Hakutaka kumwumiza. Alitaka aulize tena, basi. Aulize mara ya pili, ajue kwamba hata yeye kuna mahali humngoja Jemutai.

"Siste, kiu?"

"Kiu, kiu!" Kosgei akadakia, hata hakugeuza kichwa. "Fungua, mnangoja nini?"

Jemutai alifungua mdomo. Kilichosikika ni petroli, mlio mkali kama wa nyoka, kisha sauti ya Kimberly.

Alipofika mbele alimkuta magotini, viganja vimeziba macho. Kosgei na mwenye Probox walikuwa wakilisukuma gari nyuma, lisije likashika moto. Mfereji ulikuwa mkavu; siku hiyo maji yalikuwa zamu ya mtaa mwingine. Kipsang akaja mbio na maji yake ya kunywa, Jemutai akammiminia machoni mpaka chupa ikaisha, akaitisha nyingine kwa mama wa chapati.

"Asipige kelele hivyo," Kosgei alisema. Kisha akainama sikioni mwa Jemutai. "Mpeleke hospitali. Huko useme alikuwa anawasha stovu nyumbani."

"Bosi, ananuka petroli mwili mzima."

"Basi useme stovu ilikuwa ya petroli! Hakuna insurance hapa. Wakijua ni kazini, wanafunga gereji. Ikifungwa utaosha nozeli za nani?"

Jemutai akasema stovu. Muuguzi akamtazama, akaitazama overoli yake, akaandika stovu.

Kimberly alikuwa amelala macho yote yamefungwa bandeji. "Ni wewe ulisema kiu?"

"Ni bosi."

"Nilisikia ni sauti ya mwanaume. Lakini nikadhani wewe ndio umemwambia." Akamgeuzia uso, akingoja. Jemutai alikunja pindo la shuka, akalikunjua. "Weka namba yangu kwa simu yako, siste, unipigie nibaki na yako. Mimi sioni ya kwangu. Na uwaambie benchi yangu wasipatie mtu."

Wiki iliyofuata Kosgei alifika asubuhi na overoli mpya ya buluu. Kifuani ilikuwa imeshonwa jina kwa uzi mweupe. "Vaa. Watu wa maua wanakuja. Leo wewe ni Kimberly."

"Na mwenyewe akirudi?"

"Daktari alikwambia nini kuhusu jicho la kushoto?"

Kwamba halitaona tena. Alilokuwa ameambiwa na daktari, Jemutai mwenyewe ndiye aliyemletea Kosgei.

"Si benchi ndio umekuwa ukililia? Kuna Nakhumicha hapo kwa geti anatafuta kazi, ako na cheti yake. Nimwite?"

Alivaa. Overoli ilimkaa sawasawa.

Mkaguzi wa kampuni alikuwa mwanamume mpole, viatu vyake vikikwepa oili. Akasoma jina kifuani mwa Jemutai. "Kimberly?"

"Ndiyo."

"Hongera. Wasichana kama nyinyi ndio tunatafuta, mmesoma na hamwogopi kazi. Hebu shika hiyo mashine nikupige picha."

Jemutai akaketi kwenye benchi. Lilikuwa la mbao ya kawaida, na mguu mmoja ulicheza. Akaiinua mashine kwa mikono miwili kama alivyoambiwa, na papo hapo simu ikaanza kutetemeka mfukoni. Akaitoa nusu, akachungulia kioo. Kimberly, kilionyesha.

"Mwambie utampigia," Kosgei alisema huku akitabasamu.

"Tazama hapa," mkaguzi akasema. "Cheka kidogo."

Simu ikakatika. Ikaanza tena.