Stendi Isiyotetemeka

"Dada, chukua hii. Nyepesi, hata begani huisikii," muuza duka aliniambia, akiinua stendi ya kamera kwa vidole viwili.

Nilisonya. Nani alimwambia naumwa bega? Kamera yangu ni ya mbao, ile kubwa ya kujifunika kitambaa cheusi, nzito kama mtoto aliyeanza shule. Nikaomba glasi ya maji, nikaiweka juu ya hiyo stendi yake, nikagonga mguu mmoja kwa kidole. Maji yakatetemeka, yakaendelea kutetemeka, mpaka nikapata nafasi ya kumkata jicho.

"Dada, hakuna anayechagua stendi kwa glasi ya maji."

"Yupo, unamwona. Lete nyingine."

Akaleta yenye nguzo ya kupandisha katikati. Hiyo nguzo ndiyo ugonjwa wenyewe: ukiipandisha, kamera inasimama juu ya mguu mmoja na wewe umenunua mitatu. Nikamrudishia glasi yake nikatoka.

Ubishi wote huo ni kwa sababu ya mama. Mama yangu amekereza vyuma kwenye karakana moja tangu sijazaliwa, na wiki hiyo ilikuwa inafungwa. Wenzake waliomba picha ya pamoja, meneja akakataa. Eti wanapoteza muda wa kazi. Kazi gani tena, na anawafukuza! Mama akaapa picha itapigwa siku ya mwisho, kila mtu kwenye mashine yake, na mashine zinazunguka.

"Zizimwe, mama," nilimsihi. "Sakafu itatetemeka, picha itaharibika."

"Sipigwi picha na maiti mimi. Hiyo shida ni yako, si wewe ndiye mpiga picha?"

Na nilikuwa nimebakiwa na kipande kimoja tu cha filamu. Nikikosea, basi, hakuna kurudia.

Stendi niliipata pale ambapo hakuna mpiga picha anayeingia: duka la vifaa vya wapima ardhi. Miguu ya mbao, minene, ncha za chuma. Nikaweka glasi ya maji juu yake, nikagonga. Maji yakatikisika mara moja, yakatulia kama yamekemewa.

"Hiyo ni ya kupimia viwanja," mwenye duka akanionya.

"Safari hii itapima watu."

Skurubu yake haikuingia kwenye kamera yangu. Mama akakereza nyingine, kwenye mashine yake, saa za kazi, mlango wazi. "Meneja akija na aniulize," alisema. Hakuna aliyethubutu kumuuliza.

Siku ya mwisho nikaisimamisha stendi juu ya kipande cha zulia, mashine zikinguruma. Maji kwenye glasi niliyoiweka juu yake yalikunjamana kidogo. Nikaning'iniza katikati ya miguu ndoo ya machicha ya chuma, yale mabaki ya kukereza, maji yakalala. Hapo nikaondoa glasi, nikafunga kamera juu yake.

"Humu ndani giza, lenzi itakaa wazi sekunde kumi," nikawaambia. "Nikisema sasa, mtu asitikisike, atakayetikisika atafutika. Sasa!"

Mlango ukabamizwa. Meneja huyo!

"Zima! Zima yote! Nani karuhusu?"

Akakatiza mbele ya kamera, akarudi, akawapungia mikono huyu na yule. Hakuna aliyemgeuzia jicho. Mama alikuwa ameshika mpini wa mashine yake, kidevu juu. Nilitamani kumtukana yule bwana matusi ya nguoni, lakini nilikuwa nahesabu. Nikamaliza, nikafunga lenzi.

"Mimi nimo kwenye hiyo picha, na sijatoa ruhusa," akanifokea. "Mkiitundika popote, nawashtaki."

"Nitaitundika. Utaiona mwenyewe."

Nilipoisafisha, nililia. Mikanda ya mashine ilikuwa ukungu wa mwendo, lakini watu walitoka wote, hadi uzi uliofumuka kwenye ovaroli ya mama. Nikaikuza ikajaa dirisha la studio yangu, kwenye barabara ileile anayopita meneja kila asubuhi.

Alikuja mbio. Mama alikuwa amekaa kizingitini na chai yake, hakuinuka. Meneja akaikagua picha kushoto mpaka kulia, akaanza upya, pua ikigusa kioo. Waliosimama walikuwemo wote. Yeye hata kivuli chake hakikuwemo.

"Mimi niko wapi?" akauliza, sauti imemshuka.

Mama akapuliza chai yake.

"Wewe ulikuwa unapita tu," akamwambia.