Siku Tano za Kuhamisha Jina

Mimi hasira zangu ziko karibu, kila mtu wa Kawangware 56 hapa Nairobi anajua, kwa hivyo sitajificha. Lakini ile Januari ya elfu mbili na nane hata mtakatifu angetukana watu.

Mimi na Akeyo tulikuwa na kibanda cha vyondo, vile vikapu vya kusuka, soko la Toi. Mimi navileta kutoka kwetu Machakos, navitia mikanda ya ngozi hapa Kawangware. Yeye, anayekaa Soweto East kule Kibera, anauza, maana ana mdomo wa kumuuzia askari viatu alivyovaa. Mama Lavender, ndivyo ninavyomwita, kwa jina la msichana wake, naye ananiita Mama Ndeti. Kura zilipoharibika, Toi ikachomwa, na kibanda chetu kikaenda na kila chondo kilichokuwa ndani. Kitu kimoja tu kilibaki: jina la tovuti, vyondo nukta com, ambalo Akeyo alilisajili miaka minne nyuma alipokuwa akisomea kompyuta. Wakati huo nilimcheka, ati mtu mzima ananunua jina. Sasa ndiyo ilikuwa mali yetu pekee iliyokataa kuungua.

Philippa, mzungu wa Uingereza aliyekuwa mteja wetu, akaandika kwamba analitaka hilo jina kwa duka lake la mtandaoni. Alichotaja kingejenga kibanda kipya na kukijaza. Shida ni tarehe: jina liwe kwake Jumatano, ishirini na tatu, la sivyo achukue lingine aliloonyeshwa. Pesa alizipeleka kwa kampuni ya katikati, ambayo inazishika mpaka jina lifike kwake, na lisipofika zinamrudia. Hapo niliridhika, hakuna wa kumkimbia mwenzake.

Kazi yetu ilikuwa kuingia kwa akaunti ya msajili wetu, yaani kampuni iliyotuandikia jina, kulifungua jina kufuli, kuchukua namba ya siri ya uhamisho na kumpa Philippa aipeleke kwa msajili wake. Baada ya hapo msajili wetu huwa anangoja siku tano kabla ya kuliachilia jina. Piga hesabu mwenyewe. Ilibidi namba itoke Ijumaa, kumi na nane, isipite hata siku moja.

Sasa nikuambie ujanja wetu uliotuponza. Sanduku la chama chetu cha akiba lina kufuli mbili, na kila ufunguo unakaa kwa mtu wake, ndiyo asiwepo wa kulifungua peke yake. Tulipotengeneza paswadi ya hilo jina tulifanya vivyo hivyo. Herufi tano za mbele ni zangu, tano za nyuma ni za Akeyo. Tukitaka kuingia tunakaa pamoja kwa saiba, duka la kompyuta za kukodi, mimi naandika zangu yeye anaangalia ukutani, halafu yeye anaandika zake mimi naangalia ukutani. Imeli yetu, ile barua pepe, pia ilikuwa na paswadi hiyo hiyo. Tulijiona wajanja sana.

Jumatano hadi Ijumaa ya wiki hiyo kukawa na maandamano. Polisi walifunga njia za kuingia Kibera, na huku kwetu vijana waliweka mawe barabarani. Kiragu mwenye saiba ya hapa 56 alishusha mlango na kompyuta zote akazihamishia Kikuyu kwa shemeji yake. Kompyuta pekee iliyokuwa inafanya kazi ilikuwa upande wa Akeyo, kwa kituo cha vijana pale Soweto East chenye jenereta. Mimi sikuwa na pa kuandikia nusu yangu.

Nilimpigia Alhamisi. Tulizunguka pale kama nusu saa, kila mtu akiogopa kusema kinachotakiwa kusemwa, mwishowe akasema. Nimtumie herufi zangu kwa meseji.

Usinielewe vibaya, nilimpenda. Lakini wakati huo watu walikuwa wanaulizana kabila kabla ya salamu, na sisi Wakamba, tangu mtu wetu apewe umakamu wa rais, mbele ya Wajaluo wa Kibera kama kina Akeyo tulionekana tumeshakaa upande wa serikali. Aliye na herufi kumi ndiye mwenye jina, angelipeleka popote na kumuuzia yeyote. Ndugu yangu Mutinda, ninayekaa naye, alisikia simu yote akasimama mlangoni. "Dada, ukituma hiyo kitu umejimaliza," akasema. "Wale watu walichoma soko. Jina watakula kama mahindi choma." Nikamkumbusha kwamba chondo cha Akeyo kiliungua kando ya changu, na kama hana la maana akateke maji. Lakini maneno yake yaliniingia, na usiku sikulala.

Ijumaa saa sita mchana nilituma. Saa saba akajibu neno moja, "Nimepata." Saa nane nikampigia, nikaambiwa mteja hapatikani kwa sasa. Jioni hapatikani. Jumamosi hapatikani. Jumapili nilienda kanisani na sikumsikia mchungaji hata kidogo, nilikuwa nampigia simu chini ya leso.

Jumatatu Kiragu akarudisha kompyuta, mimi nikawa mteja wa kwanza. Nilijaribu kuingia imeli yetu na zile herufi za mbele ninazojua, na hizo za nyuma sikuzijua, kwa hivyo nikajaribu kubahatisha, jina la msichana wake, la mamake, la kijiji chao. Zote zilikataa. Ila kwa lile la kijiji, chini ya kisanduku kulitokea mstari: paswadi hii ya zamani ilibadilishwa siku tatu zilizopita. Tatu! Ni ile Ijumaa. Alikuwa amenitoa kwa mali yangu mwenyewe, na herufi zangu nilizomtumia kwa mkono wangu. Nililia pale kwa saiba mbele ya watu, kilio cha hasira, cha kamasi. Nilimwita mwizi na majina mengine ambayo siandiki. Mutinda hakusema "nilikuambia", alipiga mluzi tu, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Jumatano, kama saa nne asubuhi, mtu akabisha. Nilifungua nikiwa na mwiko mkononi. Alikuwa Akeyo, vumbi hadi magotini, kitambaa kimefungwa chini ya macho asijulikane. Alikuwa ametembea kutoka Soweto East hadi Kawangware, njia ambayo mimi nilikuwa nimeogopa kuipita hata kwa mawazo.

Hakungoja niulize. Ijumaa alifungua kufuli, akachukua namba, akampa Philippa. Halafu, kwa vile nusu yangu ilikuwa imepita kwa meseji na ile kompyuta inaguswa na watu ishirini kwa siku, akabadilisha paswadi kila mahali kabla ya kuondoka. Hiyo mpya hakuthubutu kuituma hewani. Stima ilikuwa imepotea mtaani, jenereta ikaishiwa mafuta, simu ikazima. Jumatatu alifika Ngong Road akaona kundi la vijana, akarudi.

"Mimi nimekuita mwizi," nikamwambia. "Mbele ya watu."

Akatoa kitambaa usoni. "Usiniombe msamaha haraka, Mama Ndeti. Obiero wa pale kituo cha vijana alinionyesha mtu wa kulinunua hilo jina siku hiyo hiyo, nikule peke yangu. Nilikaa na herufi zako saa nzima bila kugusa kitu. Saa nzima. Niliwaza Lavender, niliwaza karo, halafu nikaona aibu nikaandika."

Nilivaa viatu tukaenda kwa Kiragu.

Safari hii hakuna aliyeangalia ukutani. Aliitaja paswadi mpya herufi moja moja na mimi nikaiandika, akaunti ya msajili wetu ikafunguka. Mahali ambapo jina letu lilikaa miaka minne paliandikwa: huna jina lolote hapa. Siku tano nilikuwa nimeogopa kuona maneno hayo, na sasa nilipiga nduru mpaka Kiragu akaangusha kikombe. Tukafungua imeli. Philippa anashukuru, jina limefika, duka lake linafunguliwa. Kampuni ya katikati inasema pesa zimeachiliwa leo, saa mbili na dakika kumi asubuhi. Akeyo aliisoma mara tatu kwa sauti, ya mwisho akiwa analia.

Nilimshika mkono tukatoka nje, tukapita katikati ya stage ya matatu, kitambaa kikiwa mfukoni na uso wake wazi. Watu walitazama. Nilisimama pale kwa wauza viazi na kusema kwa ile sauti yangu wanayoijua, kwamba huyu ni Mama Lavender wa Soweto East, alikuwa na kila kitu changu mkononi siku tano, na amekileta kwa miguu. Mutinda alikuwa amesimama hapo hapo. Alimsalimia Akeyo kwa sauti ndogo, akauliza kama anakula nyama.

"Kilo mbili," nikamjibu, "na utalipa wewe."