Kilo Moja ya Sampo

Kazi ya Dorika ilikuwa kukaanga mawe. Watu wa Nyahanga walimcheka mwanzoni, maana walimwona kila asubuhi amechuchumaa kwenye jiko la gesi, mwiko mkononi, kama mama ntilie asiye na wateja. Lakini waliouza mizigo kwenye yadi ya Mwigulu walijua umuhimu wake. Mwigulu alinunua mawe ya dhahabu kwa tani kavu. Lori likishapita kwenye mizani, kilo moja ya mawe yaliyopondwa ilichukuliwa kuwa sampo, ikakaangwa mpaka maji yote yatoke, ikapimwa tena. Ikirudi gramu mia tisa na hamsini, basi kila tani ya lori ilikatwa kilo hamsini za maji. Hakuna aliyelipia maji kwa bei ya mawe, hakuna aliyedhulumiwa. Ndivyo Dorika alivyoamini, na ndivyo alivyowaeleza wauzaji kwa fahari kidogo, kwa kuwa aliyekuwa akizichota hizo sampo ni mume wake, Kamili.

Siku ile liliingia Fuso kutoka Ushirombo, wanawake wanne wameketi juu ya mzigo. Mkubwa wao alikuwa Euphrasia, mama Magesa, mjane mwenye mabega ya mtu aliyezoea nyundo. Yeye na wenzake waliokota mawe kwenye vifusi vilivyoachwa na wachimbaji, wakayaponda kwa mikono, kisha wakachanga na kukodi lori.

"Shikamoo, mama," Dorika alimwamkia.

"Marahaba, mayu. Leo tumekuja kuyaangalia hayo maji yenu. Mara iliyopita mlitukata mpaka tukashangaa, na mawe tulikuwa tumeyaanika juani."

Hakuwa akitania. Alimketisha mwenzake mmoja juu ya mfuniko wa pipa la maji, mwingine akamsimamisha bombani, ili sampo isije ikaongezwa maji. Kamili alicheka tu. Akachota sampo kwenye lori, akaitia kwenye ndoo na kuipeleka nyuma ya stoo kuichanganya, kama alivyofanya siku zote. Aliporudi, maji ya pipani yalikuwa hayajaguswa na mtu.

Dorika akapima kilo moja, akawasha jiko.

Mvuke ukapanda, na harufu ikaja nao. Haikuwa ngeni kwake. Ilikuwa imemjia mara nyingi, na Kamili alishamwambia kwamba ni salfa, mawe ya chini sana ndivyo yanavyonuka yakipata moto. Alimwamini, maana mawe ya namna hiyo yapo kweli. Lakini haya ya mama Magesa yalikuwa mekundu, ya juu juu, mawe yasiyo na harufu yoyote. Akainama karibu zaidi. Mvuke ulimwingia puani, mkali, wa moto, akaitambua harufu ile bila kubahatisha. Ilikuwa harufu ya ukuta wa nyuma ya baa. Ilikuwa mkojo.

Akainua macho. Kamili alikuwa akichomekea shati lake. Wakatazamana, na Kamili ndiye aliyegeukia pembeni.

Mdomo wa Dorika ukajaa mate. Alifikiria mvuke wote aliouvuta kwenye yadi ile. Alifikiria kilemba chake, kilichokuwa kikishika mvuke huo kutwa nzima, na jinsi Nelly, binti yake mdogo, alivyokuwa akikilalia kila jioni akibebwa begani. Akazima jiko, akamfuata mumewe stoo.

"Umekojolea sampo."

"Punguza sauti."

"Kamili! Umekojolea mawe ya watu, halafu nikayakaanga mimi?"

"Ulitaka nifanyeje? Pipa wanalinda, bomba wanalinda. Hakuna anayemlinda mtu anayejisaidia." Akatabasamu, kama anayesimulia ujanja wake kijiweni. "Bosi ananipa chochote kila lori. Na moto si unaua kila kitu? Ukimaliza kukaanga ni mawe tu."

Lile tabasamu ndilo lililomshinda. Akatapika pale pale, pembeni ya viroba, chai yote ya asubuhi. Kamili akanyoosha mkono amshike mgongo.

"Usiniguse," Dorika akasema. "Usiniguse na huo mkono."

Mwigulu akachungulia mlangoni. "Dorika, watu wanasubiri. Malizia kukausha uandike." Akamtupia Kamili jicho la haraka, wala hakuuliza kwa nini mtu anatapika, na Dorika akajua kwamba bosi naye anajua.

Akatoka, akakibeba kikaango kwa tambara mpaka kwa mama Magesa.

"Mama, nusa."

Mama Magesa aliinama, akarudi nyuma kama aliyepigwa kofi. Akatema mate. Wenzake wakaja kunusa, na madereva waliokuwa kwenye foleni nao wakaja, kelele zikaanza. Mwigulu alifoka kwamba ni uongo, kwamba mwanamke huyu amegombana tu na mumewe. Lakini kukisogelea kikaango hakuthubutu. Wanawake wakachota sampo nyingine wenyewe, ya juu, ya katikati na ya chini ya mzigo. Dorika akakisugua kikaango kwa mchanga na sabuni, akakaanga upya. Maji yaliyotoka hayakufika hata robo ya yale waliyokatwa safari iliyopita. Mwigulu akalipa huku akisonya.

Dorika alitarajia kushukuriwa.

"Umeanza lini kukaanga hapa?" mama Magesa akamuuliza.

"Mwaka juzi, mama."

"Kwa hiyo mizigo yetu yote umeikaanga wewe."

"Ndiyo. Lakini sikujua, mama. Haki ya Mungu sikujua."

Mama Magesa alimtazama kama anayetazama nzi kwenye mboga. "Mtu anakaanga mikojo ya mumewe muda wote huo, asijue? Hiyo pua yako ya nini?" Akapanda lori, hakuaga.

Mwigulu alimfukuza Dorika mchana ule ule. Kamili akabaki na kazi yake. Jioni alirudi nyumbani na sato mkubwa wa kukaanga, akanawa mikono kwa sabuni taratibu ili mkewe amwone. Akamega ugali, akamlisha Nelly. Dorika akamfungua mtoto mdomo, akalitoa tonge kwa kidole chake.

"Umekuwa kichaa," Kamili akasema. "Kwa ajili ya watu usiowajua hata kwao!"

Asubuhi yake Dorika alipanda basi na Nelly kwenda Kolandoto, kwa mama yake.

"Amepata mwanamke?" mama yake akauliza.

"Hapana, mama."

"Anakupiga?"

"Hapana. Afadhali ingekuwa mwanamke." Akamweleza yote, tangu mizani mpaka stoo. Mama yake alisikiliza, akaguna, akasema wanaume wana mambo yao na hasira huisha.

Wiki zikapita. Siku moja Kamili akapiga simu, sauti yake nyororo. Mambo yametulia, alisema, wauzaji wamerudi, yadi nyingine ziko mbali. Arudi tu.

"Anakaanga nani sasa?"

"Binti mmoja, Esta." Kamili akacheka, akidhani naye atacheka. "Ana mafua yasiyoisha."

Dorika akakata simu. Akamwambia mama yake kwamba mahari itafutwe irudishwe, na safari hii mama yake hakubisha.