Kamati ya Umuko na Joto

Mwezi wa Februari, jua la Mombasa likiwa limekaa juu ya mapaa kama mdai, Bi Swafia wa Kuze aliletewa barua ya kumtaka akahukumu vifaa vya kujikinga na baridi. Barua yenyewe ilikuwa na mihuri mitatu na makosa manne ya tahajia.

Bi Swafia alikuwa fundi wa magodoro na mito ya sufi. Kazi hiyo aliachiwa na babake, pamoja na kiduka chembamba ambacho mteja mnene akiingia, godoro hulazimika kutoka. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa ameichambua sufi, akaishindilia na kuishona, hata vidole vyake vikawa na akili zao wenyewe. Mpe mto, afumbe macho, aubonyeze mara moja, atakwambia sufi hii ni ya mwaka gani na fundi aliyeujaza alichanganya matambara kiasi gani.

Barua ilitoka Kampuni ya Machela Mlimani, inayopeleka wageni kulala msituni, juu kabisa mlimani kwenye baridi. Hawalali hemani, bali ndani ya machela zilizofungwa kati ya miti miwili. Ili wasigande, kampuni ilitaka kununua mifarishi iliyojazwa yale manyoya mororo ya kifuani mwa bata bukini, ambayo Waswahili huyaita malaika. Basi ikaundwa Kamati ya Kutathmini Umuko na Joto, ya kuchagua mfarishi bora na kuupa cheti, na Bi Swafia akateuliwa mjumbe, "kwa niaba ya jamii na akina mama".

Jirani yake, Fadhiya, ndiye aliyeisoma barua kwa sauti, mlango wazi.

"Machela! Si ndiyo ya kubebea wagonjwa? Swafia, wenda kumuuguza nani?"

"Simuuguzi mtu. Wazungu wanalala humo."

"Wazima?"

"Wazima, na wanalipa."

Fadhiya hakuamini. Kufika alasiri walikuwa wameshapita wanawake watatu kutoa pole, na wa nne kaleta uji wa pilipili manga.

Siku ya kikao Bi Swafia alivaa buibui lake jipya akaenda ukumbini, katika hoteli moja ya kisiwani. Wajumbe walikuwa tisa, na wanne kati yao kazi yao ilikuwa kuandika waliyoyasema wale watano. Mwenyekiti alikuwa Bwana Ronald, mtu wa bara, mpole, mwenye suti nzito na imani kubwa katika ratiba. Aliamuru mashine ya hewa iteremshwe hadi nyuzi kumi na sita, ili kamati "iingie katika hali ya mlima". Wajumbe wakaingia katika hali ya mafua.

Mezani palikuwa na mifarishi miwili, kila mmoja kutoka kwa mwuzaji wake. Mmoja mwekundu, umetuna kama hamri la mfungo wa kwanza. Wa pili wa kijivu, ndiyo kwanza unatolewa katika mkoba mdogo, umejikunja na kunywea kama paka aliyenyeshewa.

Dishon, mjumbe wa vipimo, akaweka rula. "Mwekundu, sentimita kumi na mbili. Kijivu, nne."

"Takwimu zimesema," akatangaza Bwana Ronald. "Mfarishi ulioumuka zaidi ndio wenye joto zaidi. Tunaingia ajenda ya tano."

"Takwimu zina haraka, Bwana Mwenyekiti," akasema Bi Swafia. "Huo wa kijivu umetoka mkobani sasa hivi. Unga wa mahamri huupimi ukiwa ndiyo kwanza umekandwa. Ukung'uteni, muuache upumue, tuutazame baada ya chai."

"Chai ni ajenda ya saba, bi."

Bi Swafia akainuka, akauweka mkono wake juu ya ule mwekundu. Akabonyeza, akaachia. Akauchota kwenye kiganja kuupima uzito. Kisha akasugua kitambaa kati ya vidole viwili, taratibu, akashtuka kama aliyechomwa na mwiba wa samaki.

"Haya si malaika," akasema. "Malaika hayana uti. Humu muna manyoya ya mbawa, magumu, tena naona ni ya kuku. Yamesimama kwa sababu ya vijiti vyake. Baridi itapita katikati yake kama mtu apitaye sokoni."

Wale waandishi wanne wakatazamana, wasijue kama hilo ni la kuandikwa. Bwana Ronald akavua miwani.

"Bi Swafia, sisi tunaheshimu sana maarifa ya kienyeji. Lakini naomba kuuliza, kwa heshima zote. Wewe umezaliwa Kuze, umekulia Kuze. Je, umewahi kusikia baridi?"

Wajumbe wakacheka, hasa wale waliokuwa wakitetemeka.

Bi Swafia akaketi. Baridi kubwa aliyoijua ilikuwa ya mvua ya masika, paa lilipovuja akalowa hadi asubuhi. Swali la dharau likiwa na haki ndani yake huuma mara mbili. Akatoka kabla ya chai.

Alikuwa hajafika mbali akasikia viatu nyuma yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Alikuwa ni Kalama, Mgiriama wa makamo, mwongoza wageni wa kampuni ile ile. Kikaoni alikuwa amekaa mwisho wa meza, na hakuulizwa neno lolote, maana katika ukumbi mzima yeye peke yake ndiye aliyewahi kulala mlimani.

"Uliyoyasema ni kweli, mama. Mwaka jana nilimteremsha mgeni mmoja, midomo imekuwa rangi ya zambarau. Alijifunika vizuri juu, lakini machela ina kisirani chake. Baridi yake haiji juu, huja chini. Upepo unapita chini ya mgongo, na wewe unaning'inia hapo kama nguo kambani."

"Na hamkumtandikia mfarishi chini?"

"Alitandikiwa, ndani ya machela. Akaulalia."

Bi Swafia akapiga kofi. "Basi kauua! Kitu laini ukikilalia kinakufa. Hata sufi, ikilaliwa ikawa chapati, haimpi mtu joto. Joto linakaa katika ule umuko, katika hewa iliyoshikwa mle ndani. Mfarishi wa chini wataka uning'inizwe nje, chini ya machela, uikumbatie bila kufinywa."

Kalama akamtazama kama mtu aliyekuwa akipiga kelele jangwani miaka sita kisha akasikia sauti ikimjibu.

"Nimewaandikia hivyo mara tatu," akasema.

"Niambie kitu kimoja. Hapa Mombasa, baridi yapatikana wapi?"

Kalama akafikiri. "Kilindini, mama. Kwenye ghala la samaki."

Msimamizi wa ghala hilo alikuwa Awino, mwanamke mwenye mabega mapana na kicheko cha karibu. Alipoelezwa shida yao alimtazama Bi Swafia toka ushungi hadi kandambili.

"Watu huja hapa kununua samaki. Wewe wataka kulala nao?"

"Nusu saa tu, mwanangu. Kila mfarishi."

"Sawa. Lakini mimi nasimama mlangoni, na hizo kandambili unavua." Akampa soksi zake mbili za sufu na koti la kazi.

Kalama alifunga machela kati ya nguzo mbili za chuma. Kwanza wakaning'iniza ule mwekundu chini yake, waliouazima kwa Dishon pamoja na wa kijivu, kwa kumwambia ukweli mtupu, ambao hakuuamini. Bi Swafia akapanda kwa taabu, akisoma bismillahi, akalala. Kulia kwake nguru, kushoto kwake jodari, wote wamemkodolea macho.

Mwanzoni aliona raha. Hewa ilikuwa safi, haina vumbi wala mbu. Kisha kitu kikamgusa meno. Kikashuka shingoni. Halafu kikaanza kumwingia mgongoni, kidogo kidogo, kama mtu anayemmiminia maji ya barafu kwa kijiko cha chai. Akacheka kwa ajabu ya jambo lenyewe, akasikia kicheko kinatetemeka. Alijaribu kuita, taya zikagongana. Vidole vyake, vile vyenye akili zao, vikawa vya mtu mwingine, hata hakuweza kujua kama ameshika kamba au nguo. Hapo hakucheka tena. Alimkumbuka yule mgeni wa midomo ya zambarau, aliyening'inia porini mbali na kila mtu, asiye na Awino mlangoni, na mfarishi wake una cheti.

Dakika ya kumi na saba alipiga nguzo kwa kisigino wakamtoa. Awino akamsugua mikono, akampa chai ya strungi yenye tangawizi. Mfarishi wa kijivu walikuwa wameshaukung'uta na kuuacha juu ya kreti. Ulikuwa umejaa, umeinuka sentimita tisa, na bado ukiubeba mkononi ulikuwa kama umebeba ahadi.

"Sasa huo," akasema Bi Swafia.

"Mama, pumzika kwanza."

"Nikipumzika nitapata akili."

Akarudi. Akalala, akakaza misuli akiingojea baridi. Ikamfika puani na mashavuni, ikakomea hapo. Mgongo wake ulikuwa na joto, si lile joto la Kuze linalomtia mtu hasira, bali joto la mtoto aliyebebwa kwa kanga. Nusu saa ilipopita Awino aliingia, akamkuta amefumba macho, ametulia tuli, akamvuta mguu kwa hofu. Bi Swafia alikuwa amelala usingizi, na alikasirika kuamshwa.

Siku ya kutoa cheti alifika mapema na maelezo yake, dakika kwa dakika, yameandikwa kwa kalamu ya wino. Bwana Ronald aliyapokea kwa mikono miwili.

"Mchango mzuri sana, bi. Bahati mbaya ripoti imeshachapishwa. Mwekundu ndio umepita. Iliyobaki ni sahihi yako tu."

"Sitii."

"Lakini nafasi yake tumeshaiacha."

"Basi itafaa kwa kupumzishia macho."

Mgeni rasmi, Mheshimiwa mmoja mwenye tumbo la heshima, alifika akiwa amechelewa saa mbili, na kwa ajili ya picha akaombwa alale ndani ya machela iliyofungwa jukwaani, amejifunika mfarishi mwekundu. Aliombwa ajifunge zipu hadi kidevuni. Akajifunga. Kamera zikalia. Ndipo umeme ukakatika.

Mashine ya hewa ikanyamaza. Joto la Februari lililokuwa likingoja mlangoni likaingia bila kadi ya mwaliko. Mheshimiwa akavuta zipu, ikakwama. Akavuta tena, machela ikapinduka nusu, akabaki kichwa chini kidogo. Jasho likaanza kumtiririka hadi masikioni.

"Ni joto," akasema. "Jamani, ni joto sana!"

Bwana Ronald akashika kipaza sauti kisicho na umeme. "Mmesikia wenyewe! Ithibati kutoka kwa Mheshimiwa mwenyewe!"

Ukumbi ukapiga makofi. Mheshimiwa akapiga kelele, na makofi yakazidi.

Bi Swafia hakutembea bila mkasi wake. Alipanda jukwaani, akasema, "Samahani, mwanangu, usitikisike," akaupasua mshono toka juu hadi chini. Mfarishi ukatapika. Manyoya yakaruka, magumu, ya kahawia na meupe, yakamganda Mheshimiwa kila palipolowa, na palikuwa pamelowa kote. Alipowekwa sawa kwa miguu yake alikuwa ameota mbawa.

Bi Swafia akachomoa unyoya mmoja begani mwake, mrefu kama kidole, akamwinulia mbele ya macho.

"Mheshimiwa, huyu ni bata gani?"

Mheshimiwa akautazama kwa makini. Kwa mara ya kwanza siku ile palitajwa jambo alilolijua.

"Huyu ni kuku," akasema, kwa sauti ya mtu aliyekula wengi. "Kuku wa kizungu."

Picha ya Mheshimiwa mwenye manyoya ilizunguka simu zote kisiwani kabla ya swala ya adhuhuri. Mheshimiwa akaamuru mifarishi myekundu irudishwe ilikotoka, na kampuni ikaagiza ya kijivu. Ripoti ya kamati ilirekebishwa kwa uangalifu: palipoandikwa "bata" pakaandikwa "ndege", na hitimisho likaachwa kama lilivyo. Bwana Ronald akapelekwa semina ya wiki mbili kuhusu tabia ya baridi, katika mji ulio na joto kushinda Mombasa. Ikaundwa pia kamati ndogo ya kuchunguza kwa nini mshono ulipasuliwa bila idhini, na Bi Swafia akaandikiwa ajieleze. Alijibu kwa mstari mmoja: "Niliupasua kwa kuwa aliyekuwemo alikuwa akichemka." Barua hiyo mpaka leo inajadiliwa.

Kalama alimletea mifarishi arubaini ya kijivu aishonee vitanzi vya kuning'iniza chini ya machela. Alivishona mwenyewe, mshono mara mbili kila pembe, na katika kila mmoja alipitisha kiganja polepole kabla ya kuukunja.

Mwezi wa Julai alipata ujumbe wa sauti kutoka mlimani. Nyuma ya maneno ulisikika upepo.

"Shikamoo, mama. Leo asubuhi majani yote yalikuwa na barafu. Wageni kumi na wawili wamelala salama. Ila kuna bibi mmoja amelalamika."

Bi Swafia akakaza sikio.

"Anasema mgongoni palizidi joto. Anauliza kama kuna mfarishi wenye manyoya machache kidogo."

Bi Swafia alicheka hadi Fadhiya akatoka nje kuuliza kuna nini. Akamsikilizisha ujumbe toka mwanzo. Fadhiya akatikisa kichwa.

"Na bado wamo kwenye hizo machela?"

"Wamo."

"Mungu awaponye," akasema Fadhiya, akarudi ndani.