Mkwe Anayefagia Amesimama

Ukweni Misungwi hawakuulizi umesoma mpaka wapi. Wanakupa ufagio.

Na ufagio wa mama Machibya ulikuwa mfupi, vijiti vimefungwa kamba, urefu wa mkono wa mtoto. Kuutumia lazima ujikunje mpaka pua ipige stori na kuku. Mimi nilikuwa mchumba niliyeletwa kuangaliwa, na uwanja wenyewe mkubwa kama wa mpira. Nikimridhisha mama, posa inakwenda kwetu Igombe. Nikizingua, narudi na begi langu.

Tatizo mgongo. Nimeanika dagaa mwaloni nimejikunja kama ndoano, mpaka siku moja ukagoma, nikabebwa kwenye toroli la samaki. Dada wa mazoezi ya viungo hospitalini alinipapasa uti wa mgongo, akacheka.

"Justa, mgongo si rula. Shingoni unaingia ndani, katikati unatoka nje, kiunoni unaingia tena. Hiyo mipindo ndiyo inayobeba mzigo. Ukishinda umejikunja, unaiharibu. Ukitaka kitu cha chini, kunja magoti."

Basi nikaokota mpini wa jembe nyuma ya jiko, nikaufunga kwenye ufagio kwa mpira wa baiskeli. Nikafagia nimesimama, kichwa juu.

Wifi Kashindye alitoka na ndoo, nusura aidondoshe.

"Mama! Njoo uone, mgeni anapiga makasia!"

Mama akatoka akifunga kanga. Nikapiga magoti, mgongo umetulia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hiki nini?"

"Ufagio wako, mama. Nimeurefusha."

"Nani kakutuma? Hapa mwanamke anafagia ameinama. Anayesimama wima ana kiburi, au mvivu."

"Kiburi kidogo ninacho, mama. Uvivu sina."

Kashindye akaziba mdomo kwa kanga.

"Fungua huo mpini. Uanze upya."

"Sifungui, mama. Kuinama nimeshainama mpaka nikabebwa. Magoti nitakupigia kila asubuhi, maji nitachota, ugali nitasonga. Mgongo siutoi. Kama bila mgongo hakuna ndoa, naomba begi langu."

"Machibya! Unamsikia huyu?"

Mchumba wangu alikuwa mlangoni na mswaki mdomoni. Akatema povu. Nikajua hapa natoswa.

"Namsikia, mama. Ila uchafu uko wapi?"

Mama akaanza kuutafuta. Alizunguka jiko, akachungulia chini ya ghala, na kila alipoinama alishika kiuno na kuguna. Mwishowe akapata jani moja.

"Na hili?"

Nikakunja magoti, nikalichukua. "Asante, mama. Lilinipita."

Alinitazama sana, mkono bado uko kiunoni.

"Kesho uanze na zizini. Na umwambie mumeo akusaidie kuzoa samadi."