Geti Alilopitia Mwatumu

Twalib alikuja na sambusa. Alibisha hodi Jumapili alasiri kwenye fleti ya Fauzia, Randburg, akamwulizia mama yake aliyeko Tanga, akasifia mapazia, akanywa chai kikombe cha kwanza na cha pili, na shida yake bado hajaitaja. Fauzia alimvumilia kwa heshima. Mjomba wake alipofariki hospitalini, ni Twalib aliyezunguka kuchangisha Watanzania wa Johannesburg mpaka maiti ikafika Tanga. Mtu wa namna hiyo humfungulii mlango nusu.

"Mke wangu Mwatumu ameondoka na mtoto," akasema mwishoni, akikiweka kikombe chini. "Mwezi wa pili huu, simuoni. Na mtoto ana pumu, dawa zake zote kaziacha nyumbani. Nasikia gari yake imeonekana pande hizi. Wewe si unakaa na zile kompyuta za mageti? Andika namba ya gari tu, hii hapa, uniambie ni geti gani. Basi."

Kampuni iliyomwajiri Fauzia ndiyo yenye mashine ambazo walinzi hushika kwenye mageti ya makazi yenye uzio. Ukifika na gari, mlinzi anaskani leseni yako, anapiga picha, anaandika simu yako. Yote hayo yanakwenda kwenye kompyuta za kampuni, na kazi ya Fauzia ilikuwa kuhakikisha hayaonwi na asiyehusika.

Alimtazama Twalib. Dawa ya pumu inauzwa kila duka la dawa mjini. Na tangu aingie, hajamtaja mtoto kwa jina hata mara moja.

"Kaka Twalib, hilo haliwezekani. Nenda polisi, wao wana njia yao ya kuomba. Au leta amri ya korti."

"Korti? Baina yetu sisi?" Akacheka, kisha akachukua funguo zake. "Sawa, dada. Nimekusikia."

Hakuwa amesikia. Alipiga simu kesho yake, na kesho kutwa, mara analia, mara anamkumbusha mazishi ya mjomba. Halafu simu zikakatika. Fauzia alidhani atapumua, lakini kimya kile kilimtia hofu kuliko kelele. Jumamosi ukaingia ujumbe mfupi: "Usijisumbue tena, dada. Mambo yamekaa sawa. Nashukuru."

Anashukuru nini?

Jumatatu Fauzia aliwahi ofisini kabla ya wenzake. Mfumo wao huhifadhi kila utafutaji: nani katafuta, katafuta nini, lini. Akafungua kumbukumbu za wiki iliyopita, akakuta gari la Mwatumu limetafutwa Ijumaa mchana. Akasoma jina la aliyetafuta, akalisoma tena.

Lilikuwa lake.

Ijumaa mchana alikuwa Braamfontein, akiwafundisha walinzi wa mteja mpya. Nani kaingia kwa jina lake? Akamtazama Falonne wa mapokezi akivua koti, akajiuliza kwa nini leo amemsalimia kwa uchangamfu vile. Akamtazama fundi wa mtandao anayependa kuchungulia skrini za watu. Akaona aibu kuwashuku, lakini hakuacha. Mpaka alipokumbuka kwamba kuna mtu mmoja tu mwenye uwezo wa kuingia kwa jina la mfanyakazi yeyote bila kuhitaji nywila yake.

Ruphin, mwenye kampuni, mtu wa Lubumbashi, alimwona mlangoni akaelewa.

"Mama Fauzia, funga mulango."

Akaufunga, ila hakukaa. "Twalib alikuja hapa?"

"Alikuja. Baba muzima analia mbele yangu! Anatafuta mutoto wake. Ningefanya nini?"

"Ungemkatalia, kama nilivyomkatalia mimi. Na kwa nini kwa jina langu?"

Ruphin alijishughulisha na simu yake. "Wewe ndiye mutu wa kwao. Munajuana. Hakuna atakayeshangaa." Kisha kwa sauti laini: "Wacha tumalize, mama. Ile kumbukumbu futa, tuendelee na kazi."

"Sheria inataka tumwambie huyo mwanamke kwamba taarifa zake zimefika kwa asiyestahili. Leo, si kesho."

"Ukimwambia, wateja wote watatukimbia. Na jina liko lako. Fikiria vizuri."

Fauzia alirudi mezani. Hakufuta kitu. Alituma nakala ya kumbukumbu kwenye ofisi ya serikali inayosimamia taarifa za watu, akaeleza alikokuwa Ijumaa. Ikabaki kumtafuta Mwatumu, na namba yake ilikuwa mahali pamoja tu: kwenye mfumo uleule. Vidole vikasita. Alichotaka kufanya kilitofautiana nini na cha Ruphin? Alijiambia kinatofautiana, akaandika jina. Kabla hajavuta pumzi, Mwatumu akatokea kwenye skrini: uso, simu, geti, na nyuma yake kichwa cha mtoto kilichoegemea kioo.

"Nani mwenzangu?" sauti ya mwanamke ikauliza Fauzia alipoipiga ile namba kwa simu yake mwenyewe.

"Naitwa Fauzia, nafanya kazi na kampuni ya mashine za getini. Dada, naomba unisikilize..."

"Twalib kakutuma?"

"Hapana. Lakini amelijua geti lenu. Amepewa siri hiyo hapa kazini kwetu."

"Namba hii nimempa mwalimu wa mwanangu na mlinzi wa getini. Wewe kakupa nani?"

"Nimeitoa kwenye mashine ya mlinzi."

Kwa mbali mtoto aliuliza kitu kwa Kiingereza.

"Kwa hiyo hata wewe unajua nilipo."

"Najua," Fauzia akasema. "Kama una amri ya korti ya kumzuia, wapigie polisi sasa hivi. Usiniamini mimi. Waamini wao."

Simu ikakatwa.

Yaliyofuata alisimuliwa na askari aliyekuja kuchukua maelezo yake. Twalib alifika getini kesho yake na baiskeli ndogo mpya ndani ya gari, akijiita mjomba wa mtoto. Polisi walikuwa wanamsubiri, wakamkamata, kwani amri ya kumzuia asimkaribie Mwatumu ilikuwepo kitambo. Mama na mtoto walishahama.

Ruphin alimwachisha Fauzia kazi kwa kosa la kutoa nyaraka za kampuni nje. Ile ofisi ya serikali imefungua uchunguzi dhidi ya Ruphin, na shauri halijaisha. Msikitini wapo wanaomnyima salamu, wakinong'ona: huyu ndiye aliyemfungisha mtu aliyemsafirisha mjomba wake. Fauzia huwaacha.

Wiki kadhaa baadaye simu iliita, namba imefichwa.

"Ni mimi," akasema Mwatumu, bila kujitaja jina. "Picha ya mwanangu bado imo mle?"

"Imo. Una haki ya kudai ifutwe. Nitakusaidia kuandika."

"Na watu wangapi wanaweza kuiona?"

Fauzia alifikiri kudanganya. "Sijui, dada."

"Jana nimefika geti jingine, mlinzi akaninyooshea kile kidude. Nikarudi nyuma na gari."

"Sasa mnalala wapi?" Swali lilimponyoka, na ndilo alilokuja nalo Twalib.

Mwatumu akaaga kwa adabu na kukata simu.